Mshahara, pikipiki ya mkataba au ufundi: siku mbaya inabebwa na nani?

Mjadala wa kuajiriwa na kujiajiri umekuwa kama Simba na Yanga. Upande mmoja wanakwambia ajira ni utumwa, upande wa pili wanakwambia biashara ni bahati nasibu, na kijana aliyekuja kuomba ushauri anaondoka na jezi tu mkononi. Ukweli ni kwamba hakuna anayechagua "kuajiriwa" au "kujiajiri" kwa jumla namna hiyo. Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Nyakato, Mwanza, mwenye cheti cha kidato cha nne ana vitu vitatu vinavyoshikika mbele yake: kazi ya mshahara kiwandani, stoo au kwenye ulinzi; pikipiki ya mkataba, yaani unamlipa mwenye pikipiki kila siku mpaka iwe yako; au kwenda kujifunza ufundi. Hivyo vitatu ndivyo ninavyovilinganisha hapa.

Nimekaa muda mrefu kwenye meza ya kuandaa mishahara, kwa hiyo macho yangu hukimbilia kwenye makato kabla ya kitu kingine chochote. Lakini mwezi wa kawaida hauonyeshi mengi. Mwezi wa kawaida kazi zote tatu zinaleta unga nyumbani. Tofauti inajitokeza siku mbaya: umelala na malaria, mvua imepiga wiki nzima, mashine imekufa, kampuni imefunga. Siku hiyo gharama inamwangukia nani? Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kuuliza "inalipa shilingi ngapi".

Mshahara

Tuanze na karatasi ya mshahara. Chukua mshahara ghafi wa 400,000 kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 40,000. Zinabaki 360,000, na kodi inatozwa kwenye kinachozidi 270,000, yaani 90,000 kwa asilimia 8, sawa na 7,200. Mkononi unapokea 352,800. Hapo watu wengi wananyanyuka na kusema "wamenikata", wakati mwajiri naye ameweka 40,000 zake juu ya zile zako kule NSSF. Fedha hiyo huioni, lakini ni yako.

Sasa toa nauli. Ukipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa 600 kila moja, siku 26 zinakula 62,400. Chakula cha mchana kwa mama ntilie, tuseme 2,500, kinakula 65,000. Umebaki na 225,400, na kodi ya chumba hujalipa. Kwa hiyo wanaosema mshahara hautoshi hawasemi uongo.

Wanachokosea ni kuishia hapo, kwa sababu mshahara unakuja na vitu ambavyo havimo kwenye hesabu hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka wiki ya kazi isizidi saa 45, na kinachozidi kilipwe mara moja na nusu. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na inalipwa. Ukiugua, ndani ya mzunguko wa miezi 36 una siku 126: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ukiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao anachangia mwajiri peke yake. Ukiachishwa, si kuacha mwenyewe, na ulishachangia NSSF angalau miezi 18, kuna fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Ukifikisha miezi 180 ya michango na umri ukatimia, kuna pensheni. Siku mbaya, kwa maneno mengine, umeigawana na mwajiri na mifuko miwili.

Nikisema hivyo vijana huniuliza, "Mjomba, hayo yote mbona kwetu hayapo?" Na hapo ndipo penye ugumu. Hayo yote yanasimama juu ya mkataba wa maandishi na jina lako kwenye orodha ya michango. Kazi nyingi zinazoitwa ajira ni kibarua kilichovaa sare. Nimeona kampuni ya ulinzi ambayo mlinzi alisaini karatasi siku ya kwanza, karatasi ikaingia kabatini, nakala hakupewa, na michango ikakatwa kwenye mshahara bila kufika kwenye mfuko. Alikuja kugundua mke wake alipokuwa anajifungua. Mtu wa namna hiyo ana mabaya ya pande zote mbili: anakatwa kama mwajiriwa, anaugua kama kibarua.

Kwa hiyo unapolinganisha, usiweke "ajira" kwenye mizani. Weka ajira hii, ya mwajiri huyu. Omba nakala ya mkataba siku ya kusaini, si wiki ijayo. Miezi mitatu ikipita, angalia taarifa ya michango yako NSSF. Siku hizi inaonekana kwenye simu. Ikiwa tupu, kazi hiyo ihesabu kama kibarua na uipime kwa bei ya kibarua.

Pikipiki ya mkataba

Nina daftari moja la mkataba ninalolikumbuka vizuri, la kaunta kwaya moja, jalada limelowa mafuta. Safu ya kwanza tarehe, ya pili 10,000, ya tatu sahihi ya tajiri, yaani mwenye pikipiki. Kurasa na kurasa za 10,000. Hapa na pale palikuwa na 7,000 na pembeni imeandikwa "deni 3". Hakukuwa na ukurasa wa kwanza unaosema pikipiki ni ya nani, mkataba unaisha lini, na pikipiki ikiharibika nani anatengeneza. Daftari hilo ndilo lilikuwa mkataba.

Tupige hesabu. Mkataba wa 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ya dereva, miezi 14. Hiyo ni kama siku 364, yaani 3,640,000. Pikipiki ile ile ungelipa taslimu dukani ingekutoka kwa bei ya chini zaidi, na tofauti hiyo ndiyo faida ya tajiri kwa kukuamini. Siku ya kawaida ukiingiza 30,000, hesabu ya tajiri ni 10,000, mafuta lita tatu ni kama 9,000, chakula 3,000. Zimebaki 8,000, na humo kuna oili, matairi, cheni, pedi za breki na siku ambayo trafiki amekusimamisha. Faini ya bodaboda ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021, lakini bado inazidi kinachokubakia siku nzima. Tuseme unaondoka na 6,000. Kwa siku 26 ni 156,000, na Jumapili zako juu yake.

Ukiziweka kando kwa kando, 225,400 ya mshahara na 156,000 ya pikipiki, mshahara unashinda. Lakini hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu kwenye pikipiki kila mwezi unaweka 260,000 kwenye chombo ambacho siku moja kitakuwa chako. Sijui njia nyingine inayomlazimisha kijana wa miaka 21 kuweka akiba kiasi hicho. Kibubu kinavunjwa, mchezo unaruka mtu, VICOBA inataka wadhamini. Hesabu ya tajiri haina huruma, na kutokuwa na huruma huko ndiko kunakojenga mtaji. Hii ndiyo sifa halisi ya pikipiki ya mkataba. Ile ya "uhuru" siiamini sana: mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwa sababu jana alilaza deni la 3,000 hajipangii muda wake.

Siku mbaya sasa. Ikinyesha, hesabu iko pale pale. Ukiumwa, unampa deiwaka, dereva wa kukushikia kwa siku, na deiwaka anaipiga pikipiki kwa sababu si yake. Ukigonga au ukigongwa, bima ndogo inamlipa uliyemuumiza, si wewe. Pikipiki ikiibiwa, daftari linaendelea. Siku mbaya yote, kuanzia tope hadi mguu uliovunjika, ni yako peke yako. Na kuna siku mbaya nyingine wenyewe kijiweni wanaijua: mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili wa mkataba, pikipiki inakaribia kuwa yako, tajiri anaanza kutafuta sababu. Umechelewa siku mbili, anaichukua. Bila maandishi, huna pa kwenda.

Ukichagua njia hii, basi mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na useme waziwazi mambo matatu: siku za kuugua hesabu inasimama au haisimami, matengenezo makubwa ya injini ni ya nani, ukichelewa, unapewa siku ngapi kabla ya kunyang'anywa. Tajiri anayekataa kuandika hayo ameshakujibu.

Kuhusu programu za simu za kuita usafiri nitasema kidogo tu. Zinaleta abiria, hilo kweli, lakini zinaleta na tajiri wa pili anayekata asilimia. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoamuru makato yashuke hadi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma hadi masharti yalipolegezwa. Madereva walikuwa katikati na hakuna aliyewauliza.

Ufundi

Hapa hesabu ya mwezi wa kwanza ni mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna mapato. Saidia fundi analipwa chakula cha mchana na nauli, siku nyingine nauli peke yake. Anayekwenda VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ndiye anayelipa. Mwaka au miwili hii ndiyo inayowafukuza vijana wengi, na siwalaumu: nyumbani kukiwa na wadogo wanaosubiri daftari za shule, huwezi kumwambia mtu asubiri.

Lakini angalia kinachotokea baadaye. Fundi umeme wa majumbani halipwi kwa siku, analipwa kwa pointi: taa moja, swichi moja, soketi moja, kila kimoja na bei yake. Nyumba ya vyumba vitatu ina pointi za kutosha kulisha watu wawili kwa wiki kadhaa. Fundi wa kuchomelea analipwa kwa geti. Fundi bomba analipwa kwa kazi, na akiitwa usiku maji yanamwagika sebuleni, bei anapanga yeye. Hakuna aliyekaa juu yake anayekata, na hakuna hesabu ya jioni.

Kuna ukuta mmoja ambao mafundi wa mtaani wanaugonga. Nyumba ikishawaya, TANESCO hawaunganishi umeme mpaka fomu igongwe mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Fundi ambaye amefanya kazi yote, amepasua ukuta, amepitisha mabomba, amevuta waya, anakwenda kumlipa mwingine agonge mhuri. Mwenye mhuri huenda hajaiona hata hiyo nyumba. Ujuzi ni wa mmoja, karatasi ni ya mwingine, na pesa inagawanyika hapo. Ndiyo maana nikiulizwa gereji au chuo, nasema gereji inakupa mkono na chuo kinakupa mlango. Anayeweza apate vyote. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: unapimwa unachokijua, unajazia unachokikosa, unapata cheti bila kurudi kuanza moja. Wazee wanaojivunia "grade one" ya majaribio ya zamani ya ufundi wanajua karatasi ile iliwafikisha wapi.

Siku mbaya ya fundi ni ya kwake, kama ya bodaboda. Ukianguka juu ya paa, hakuna WCF. Wateja wanakopa. Mvua za masika zinasimamisha ujenzi. Aliyejiajiri anaweza kujiandikisha NSSF na kuchangia mwenyewe, lakini wachache hufanya hivyo, kwa kuwa hakuna anayemkata kabla hajaishika. Tofauti na bodaboda iko sehemu moja: chombo chake hakiibiki. Grainda inaibiwa, koleo zinapotea, lakini asubuhi anaazima za mwenzake na kazi inaendelea.

Halafu kuna tabia. Nchi nzima inawalalamikia mafundi: amechukua nusu ya fedha, simu haipatikani, anasema "nakuja" yuko Chanika kwenye kazi nyingine. Ufundi unaoanguka mara nyingi huanguka hapo. Anayefika siku aliyosema ana wateja mpaka anawakataa.

Mashine zinamfuata nani

Nabii wa mustakabali wa kazi aliyekosea vibaya ni John Maynard Keynes, mchumi wa Uingereza. Mwaka 1930 aliandika kwamba baada ya miaka 100 watu watafanya kazi saa 15 kwa wiki. Imebaki miaka michache, na sheria yetu bado inasema 45, na bodaboda anacheka.

Sisi tuna mifano yetu ya karibu. Zamani TANESCO walikuwa na wasoma mita wanaopita nyumba kwa nyumba na makarani wa kuandika ankara. Ikaja LUKU, ukawa unanunua umeme kama vocha, na kazi ile ikapungua hadi ikasahaulika. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na kila kona ikaota kibanda cha wakala, kazi ambayo haikuwa kwenye ndoto ya mtu yeyote. Kazi iliyokufa ilikuwa ya mshahara na pensheni. Iliyozaliwa ni ya kamisheni na kiti cha plastiki. Idadi ya kazi inaweza kuongezeka huku siku mbaya ikihamishwa kimyakimya kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Ukitaka kujua mustakabali wa kazi unaelekea wapi, tazama hilo kabla ya kutazama roboti.

Akili mnemba nayo imeanza na wanaokaa mbele ya skrini wakirudia kitu kile kile: kuchapa barua, kujibu maswali ya wateja, kuingiza takwimu, tafsiri ya kwanza. Kijana anayesoma ukarani leo kwa kuwa ni kazi safi ya ofisini anasogea kuelekea mashine inakotokea. Na kazi mpya zinazoletwa na teknolojia hiyo zisipambwe sana. Nairobi mwaka 2023 wachuja maudhui zaidi ya 180 waliokuwa wakiangalia picha na video za kutisha ili watumiaji wa Facebook wasizione waliifikisha kampuni mama, Meta, mahakamani. Walikaa ofisini, wenye kompyuta na viyoyozi, na bado siku mbaya iliwarudia kichwani.

Pikipiki inaguswa kwa njia nyingine. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme. Ikifika huku, dereva atabadilisha chombo na maisha yataendelea. Fundi wa injini za pikipiki ndiye atakayekuna kichwa. Kwa hiyo ufundi nao hauna kinga. Tumeshaliona kwa maseremala: madirisha ya mbao yaliyowalisha miaka mingi yamekwenda, nyumba mpya zote ni aluminiamu. Seremala aliyekaa kulaani aluminiamu amebaki na vitanda. Aliyejifunza kuikata na kuifunga yuko juu ya ghorofa za Kariakoo. Vipimo ni vile vile, futi ni ile ile.

Nikilazimishwa kuorodhesha kwa usalama wa miaka 20 ijayo, naweka mbele ufundi wa kutengeneza vitu vilivyokwisha kufungwa: mabomba, umeme, mafriji na viyoyozi, sola. Nyumba zetu hazina michoro. Kila ukuta una siri ya fundi aliyetangulia, na hakuna mashine itakayotambaa chini ya sinki la Manzese kutafuta bomba limepita wapi.

Heshima

Kazi si fedha tu, na mtu akikwambia hivyo huku ana fedha, mvumilie. Watu wanachagua kazi pia kwa jinsi watakavyoitwa, na hilo linabadilishwa na upepo. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine ni Waziri Mkuu, Sheria ya Nguvukazi ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Dar es Salaam watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Wengi wao walikuwa wakiuza vitu vidogovidogo. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, 20,000 kila kimoja, na watu wa shughuli zile zile wakaitwa wajasiriamali. Karanga hazikubadilika. Usichague kazi kwa sababu wakubwa wanaisifu mwaka huu.

Kuna heshima nyingine isiyotegemea anayetawala. Wakati wa ubinafsishaji, miaka ya 90, viwanda vingi vya umma viliuzwa au kufungwa na watu wakapunguzwa kwa makundi. Wazee wa mtaani kwetu waliopitia hayo nimewaangalia kwa karibu. Waliokuwa karakana, wenye spana na vipimo, walinuna mwezi mmoja kisha wakaanza kuitwa huku na kule. Waliokuwa wakibeba mafaili, watu wenye heshima na mashati meupe, walihangaika zaidi, na wengine mpaka leo wanatambulishwa kwa cheo cha kampuni isiyokuwepo. Akili ilikuwa ile ile kwa wote. Lakini kazi ikikatika, mmoja anaondoka na kitu mkononi, mwingine anaondoka na barua.

Kwa binti

Ulinganisho mwingi unaandikwa kana kwamba kila msomaji ni kijana wa kiume. Kwa binti mizani inabadilika. Pikipiki kwa sehemu kubwa imefungwa kwake, kwa usalama na kwa macho ya watu. Na ana siku moja ambayo si mbaya lakini haina kipato: kujifungua. Mwajiriwa mwenye mkataba ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Fundi cherehani, msusi na mama ntilie hawana hata moja. Wanarudi kazini mtoto ana wiki tatu, amelazwa kwenye beseni la nguo pembeni. Kwa hiyo binti anayepata ajira yenye mkataba wa kweli, hata ya mshahara mdogo, asiidharau kwa maneno ya vijana wa kijiweni. Na akichagua ufundi, aangalie pia ule unaodhaniwa ni wa wanaume. Wasichana mafundi umeme ni wachache, na kuna akina mama wengi wanaoishi peke yao ambao wangefurahi kumfungulia mlango fundi wa kike.

Uchague nini

Kama una watoto au wazazi wanaokutegemea leo, chukua mshahara, mradi mkataba upo. Huwezi kubeba siku mbaya ukiwa umebeba watu wengine mgongoni. Kama ajira inayotolewa haina maandishi, pikipiki yenye mkataba ulioandikwa ni bora kuliko hiyo, kwa sababu angalau mwisho wake una chombo.

Kama hakuna anayekutegemea na una pa kulala, nenda kwenye ufundi, hata kama marafiki wanaendesha pikipiki na wewe unabeba ngazi. Miaka miwili hiyo hutaipata tena ukiwa na 30 na watoto wawili.

Pikipiki naipa nafasi moja tu ninayoiamini: iwe daraja lenye mwisho. Miezi 14, chombo chako, uiendeshe kwa faida miezi michache, kisha uiuze ununue mashine ya kuchomelea au ulipie mafunzo. Tembelea kijiwe chochote uhesabu madereva wenye miaka 50. Ukihitaji nyongeza, kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa uangalifu kuliko unavyochagua mradi.

Na mshahara na ufundi si maadui. Njia ninayoipenda kuliko zote ni fundi mwenye cheti aliyeajiriwa kwanza miaka mitatu au minne, mwenye NSSF inayojaa, anayejifunza kwa vifaa vya mwajiri na kwa makosa yanayolipiwa na mwajiri, huku Jumamosi akifanya kazi zake mwenyewe. Siku ya kuondoka ana wateja tayari.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Masomo ya kozi ndefu za VETA kwa kawaida huanza Januari, na maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, wakati matokeo ya kidato cha nne hutoka mwezi huo huo wa Januari. Anayesubiri matokeo ndipo aamue amekwisha kuukosa mwaka. Mwenye mtoto aliye kidato cha nne sasa achukue fomu mapema, ajaze, alipe, hata kama anaomba Mungu apate daraja la kwanza. Akifaulu kwenda mbele, kwa fomu hiyo atakuwa amepoteza fedha kidogo sana. Asipofaulu, mlango uko wazi. Na miezi ile ya kukaa nyumbani akisubiri matokeo, mzazi amtafutie fundi wa karibu akamsaidie, aone kama mkono wake unapenda waya, mbao au chuma.